Datura ya Harufu Nzuri: Chagua Mahali Kwanza, Kata Matunda Mapema

Kabla ya kutafuta mbegu, amua ua litakaa wapi. Datura, ambayo wengi wanaijua kama mnanaha, hufungua maua yake jua linapozama na kunukia usiku ili kuwaita nondo wakubwa wanaoichavusha. Kesho yake jua likikolea, ua limeshalegea. Ukiipanda kona ambayo hakuna anayepita jioni, harufu itapotea bure. Iweke mita 2 au 3 kutoka kibarazani, upande unakotoka upepo wa jioni, mahali penye jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Chini ya dirisha la chumba cha kulala usiiweke, kwani harufu hiyo ni nzito na huwaumiza wengine kichwa.

Jambo la pili halina mjadala: mmea wote ni sumu, kuanzia mizizi hadi ua, na mbegu ni hatari zaidi. Nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, au mifugo inayozurura uani, isipande datura. Pia usiipande karibu na kitalu cha mboga za majani. Miche yake ikijiotea humo huweza kuchumwa pamoja na mboga bila mtu kutambua. Iepushe vilevile na nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo. Ni jamii moja, na huambukizana virusi na wadudu.

Kwa harufu, chagua Datura innoxia, yenye maua makubwa meupe na majani yenye vinyweleo laini, au Datura metel, ambayo maua yake huwa meupe, ya njano au ya zambarau, mengine ya tabaka mbili au tatu. Datura stramonium, ile inayoota jalalani, ina maua madogo na majani yanayonuka vibaya ukiyafikicha. Hiyo iache.

Ganda la mbegu ni gumu. Loweka mbegu saa 24 katika maji ya uvuguvugu, kisha zifukie kina cha milimita 5 kwenye trei yenye udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga. Joto la nyuzi 21 hadi 25 linazifaa. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mbegu za datura hazichipui kwa pamoja: nyingine hutoka baada ya wiki 2, nyingine wiki ya 6. Usimwage trei mapema, na usiiloweshe kila saa ukidhani unaziharakisha, maana unyevu uliozidi huleta kinyausi, na miche huanguka ikiwa imeoza shingoni.

Mche ukifika sentimita 10 na kuwa na majani halisi manne, uhamishe. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, changanya udongo na koleo moja la samadi iliyooza vizuri, na acha sentimita 90 kati ya shina na shina, maana mmea hutanuka sana. Kwenye chungu, tumia chenye upana wa sentimita 40 na matundu chini. Mwagilia shinani udongo wa juu unapokauka. Maji yakituama, mizizi huoza. Ukiona majani mapana ya kijani iliyokolea lakini tumba hazitoki, umezidisha naitrojeni. Simamisha samadi na urea.

Majani yakiwa na vidoti vya njano na utando mwembamba kwa chini, huo ni utitiri. Pulizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi, rudia baada ya siku 3.

Tumba lililokomaa limesokotwa kama mwavuli uliofungwa. Giza likianza kuingia, ncha yake hutikisika, mikunjo hulegea, na ndani ya muda mfupi tarumbeta iko wazi. Simama hapo uangalie. Inafaa sana kungoja.

Baada ya ua kunyauka hubaki tunda la mviringo lenye miiba. Likate likiwa bado kijani. Likipasuka humwaga mbegu nyingi zinazoweza kulala ardhini kwa miaka, na mmea unaoruhusiwa kuzaa hupunguza maua. Ukihitaji mbegu, acha tunda moja tu na ulifunge kwa kifuko cha kitambaa. Mabaki yote yafukie kwenye shimo refu. Usiyatie kwenye mboji ya mboga wala usiyachome, kwani moshi wake pia ni sumu.

Vaa glovu unapopogoa, na usiguse macho: utomvu kidogo tu hupanua mboni na kutia ukungu machoni. Mtu aliyekula sehemu yoyote hukaukwa mdomo, moyo humwenda mbio na huanza kuweweseka. Usimtapishe, mkimbize hospitali mara moja na ubebe tawi la mmea huo ndani ya mfuko.