Kompyuta imegoma kuwaka umeme uliporudi: pita hatua hizi kabla ya kupiga Windows upya

Jumamosi iliyopita asubuhi nilipigiwa simu na shangazi yangu wa Tabata.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Ile kompyuta ya wadogo zako imekufa. Jana jioni umeme ulikatika, uliporudi usiku haikuwaka tena. Fundi mmoja kapita hapa kaitazama, anasema umeme umeunguza mazabodi, tununue nyingine."

Nikamuuliza kama feni inazunguka. Inazunguka. Kwenye kioo kuna maandishi yoyote? Yapo, ya Kiingereza, kwenye rangi ya bluu, halafu inajizima na kujiwasha yenyewe.

Basi mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, haijaungua. Iliyoungua kabisa haiwezi kuandika kitu kwenye kioo. Nilifika kwake saa tano, na kabla ya saa saba wadogo zangu walikuwa wamerudi kwenye kazi zao za shule, mafaili yote yapo. Fedha iliyotumika ni ya betri moja ndogo ya duara. Naandika hapa njia ninayoifuata kila ninapoitwa kwa kazi kama hii, kwa sababu nyumba nyingi za Dar zina kompyuta za mtumba za aina hiyohiyo, na ugonjwa huu unawarudia. Ya shangazi ni Dell OptiPlex 7010, toleo la mwaka 2012, na mifano yangu mingi inatoka humo.

Vifaa: bisibisi ya nyota, multimita (kipimo cha umeme), kifutio cheupe cha penseli, brashi mpya ya rangi na tochi. Multimita nunua hata ile ya bei ya chini. Testa ya bisibisi siiamini kwa kazi hii. Inawaka umeme ukiwa volti 230 na inawaka ukiwa volti 150, kwa hiyo haikuambii lolote la maana.

Hatua ya 1: Haiwaki kwa namna gani?

Bonyeza kitufe cha kuwashia, kaa kimya, sikiliza na utazame. Kama hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti, nenda hatua ya 2. Kama feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, nenda hatua ya 3. Kama kuna maandishi ya aina yoyote kwenye kioo, hata ya kutisha, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4.

Hatua ya 2: Imekufa kabisa, hakuna hata taa

Anza na soketi. Chomeka chaja ya simu palepale uone. Kama kompyuta inapitia kwenye gadi ya friji, subiri. Gadi nyingi hukaa dakika kadhaa umeme ukirudi ndipo ziruhusu upite, na nimeshaitwa Kimara kwa "kompyuta iliyokufa" ambayo ilikuwa inasubiri gadi tu. Ekstensheni iweke pembeni, chomeka ukutani moja kwa moja. Fungua plagi ya pini tatu ukague fyuzi iliyo ndani yake.

Bado? Chomoa waya wa umeme nyuma ya boksi, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Pawa saplai, yaani kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, ikipigwa na umeme uliorudi kwa kishindo huweza kujifunga ili kujilinda, na hapo hufunguka. Chomeka tena, jaribu.

Kwenye Dell nyingi za aina hii, nyuma kwenye pawa saplai kuna kitufe kidogo chenye taa ya kijani kando yake. Kibonyeze waya ukiwa umechomekwa. Taa ikiwaka, pawa saplai inafanya kazi. Isipowaka, chomoa nyaya zake zote zinazokwenda kwenye mazabodi na hadidiski (diski inayotunza Windows na mafaili), ubonyeze tena. Ikiwaka sasa, kuna kifaa ndani kinachoinyonya, urudishe waya mmoja mmoja mpaka umpate mwenye kosa. Isipowaka hata ikiwa peke yake, ibadilishe.

Usiifungue pawa saplai yenyewe. Ndani mna kapasita inayotunza zaidi ya volti 300, na inaweza kukupiga hata waya ukiwa umechomolewa. Ukinunua nyingine ya zamani ambayo ina swichi nyekundu ya 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla hujachomeka. Ikiwa 115 kwa umeme wetu, utasikia mlio mmoja na moshi.

Hatua ya 3: Feni inazunguka, kioo cheusi

Hakikisha waya wa kioo umechomekwa mahali sahihi. Kama kompyuta ina kadi ya picha ya kupachika, waya uende kwenye kadi hiyo, usiende kwenye tundu la mazabodi.

Kisha ramu, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu vilivyochomekwa kwenye mazabodi. Hewa yetu ina unyevu, na nyumba za Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach zinapata na chumvi ya bahari juu yake, kwa hiyo meno ya dhahabu ya ramu hushika ukungu mwembamba. Chomoa umeme, fungua kava, shika chuma cha boksi kwanza, halafu toa ramu zote. Sugua meno taratibu kwa kifutio, pande zote mbili, ufute mabaki kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Usipulizie mafuta ya kulegeza kutu, hata kama fundi wa pikipiki anaapa kwayo. Toa vumbi kwenye matundu kwa brashi, na mende kama wapo, maana wanapenda joto la humo. Rudisha ramu moja tu, isukume mpaka vishikizo vifungwe kwa mlio. Washa. Ikikataa, hamisha ramu hiyohiyo kwenye tundu jingine, kisha jaribu ramu ya pili kwa mtindo huo.

Taa ya kitufe ikipepesa rangi ya machungwa, au ukisikia milio mifupi, hesabu mapigo na uyaandike. Ni namba za ugonjwa, na kila kampuni ina orodha yake kwenye kitabu cha mashine.

Hatua ya 4: Maandishi yapo, lakini Windows haifiki

Hapa ndipo nilipopoteza Jumapili nzima miaka michache iliyopita, kwa kompyuta ya binamu yangu. Nilibadilisha waya wa hadidiski, nikabadilisha ramu, nikaendesha kile kifaa cha Windows cha kujitengeneza mara nne au tano, nikakaribia kuipiga Windows upya, yaani kufuta kila kitu na kuiweka mpya. Jioni nikaichomoa hadidiski nikaifunga kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili. Picha za harusi zote zilifunguka bila shida. Diski nzima, mashine nzima, lakini haviongei. Nilipoingia kwenye bayosi, ile programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, na kuona tarehe ni ya miaka kumi nyuma, ndipo nikaelewa.

Kwenye mazabodi kuna betri ya duara, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya bayosi wakati kompyuta haina umeme. Waya ukiwa kwenye soketi na swichi ya ukutani imewashwa, pawa saplai hutoa umeme kidogo muda wote, hata kompyuta ikiwa imezimwa, na betri inapumzika. Kwa hiyo betri inaweza kufa mwezi mzima usijue. Siku umeme unapokatika kwa saa kadhaa, mipangilio inaweza kufutika na bayosi ikarudi kwenye ile ya kiwandani. Umeme ukirudi, kompyuta haiwaki vizuri, na kila mtu nyumbani anasema umeme umeiunguza.

Kwa nini mipangilio ya kiwandani iizuie Windows? Kwa sababu ya mstari mmoja unaoitwa SATA Operation. Unaamua bayosi itaongea na hadidiski kwa lugha gani: AHCI au RAID. Kwenye OptiPlex 7010 kiwanda huiacha kwenye RAID On. Wauzaji wengi wanapoweka Windows huibadilisha kuwa AHCI kwanza. Windows ikishazoea AHCI, ukiiamsha kwa RAID haiioni diski yake yenyewe. Kwenye Windows 10 utasoma INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE kwenye bluu. Kwenye Windows 7 ni namba inayoishia na 7B.

Dalili za betri kuchoka huwa zinaonekana mapema, ila hakuna anayezijali. Shangazi alikiri kwamba kwa wiki kadhaa saa ya kompyuta ilikuwa ikirudi nyuma, na tovuti zilikuwa zinakataa kufunguka kwa kusema muunganisho si salama. Tarehe ikiwa ya uongo, kivinjari huona vyeti vya tovuti havijaanza kutumika au vimeisha muda, kinafunga mlango. Yeye alidhani ni bando. Tena nyumbani kwake swichi ya ukutani huzimwa kila usiku ili kuokoa LUKU, jambo ambalo linaimaliza betri haraka zaidi, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi usiku kucha.

Sasa fanya hivi. Chomoa umeme. Tafuta betri kwa tochi, bonyeza kishikizo cha pembeni, itaruka juu. Ipime kwa multimita. Mpya husoma volti 3 na ushee. Ya shangazi ilisoma 1.9. Chini ya 2.8 mimi naitupa. Mpya inunue iliyofungwa kwenye kadi yake, usichukue iliyolegea kwenye kopo la fundi saa, na uipime palepale dukani, kwa sababu nimeuziwa "mpya" ya 2.6 Kariakoo. Iweke alama ya kujumlisha ikutazame.

Chomeka umeme, washa, gongagonga F2 mpaka bayosi ifunguke. HP nyingi za mezani ni F10, ThinkCentre za Lenovo ni F1. Kabla hujagusa chochote, piga picha kila ukurasa kwa simu. Rekebisha tarehe na saa. Kisha nenda System Configuration, halafu SATA Operation. Ukikuta RAID On, weka AHCI. Ukikuta AHCI, weka RAID On. Hifadhi, toka, iache iwake. Kubadilisha mstari huu peke yake hakufuti faili hata moja, na usipofanikiwa unaurudisha ulivyokuwa.

Tahadhari nne hapa, na naomba uzisome zote.

Ya kwanza: kama boksi lina hadidiski mbili zilizounganishwa makusudi kwa RAID ili zifanye kazi kama diski moja, acha, tafuta aliyeziunganisha. Nyumbani ni nadra, lakini kompyuta iliyotoka ofisini inaweza kuwa hivyo.

Ya pili: ukiona skrini ya bluu inadai namba ya tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Windows imeona bayosi imebadilika ikafunga diski. Usibahatishe. Namba hiyo mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, aingie kwa simu yake aitafute.

Ya tatu: kama badala ya bluu unasoma kwamba hakuna kifaa cha kuwashia Windows (boot device), tazama ukurasa wa Boot Sequence. Mipangilio ikifutika, Legacy na UEFI, njia mbili za bayosi za kuamsha Windows, nazo huweza kubadilishana. Jaribu ile nyingine. Kama hadidiski haionekani kabisa kwenye orodha ya bayosi, badilisha waya wake wa SATA na tundu lake kwanza. Ikiendelea kutoonekana, au ikipiga mlio wa tak-tak-tak, izime na usiiwashe tena mpaka umpate mtu wa kuokoa mafaili.

Ya nne ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Mtu akikwambia dawa ni kupiga Windows upya, muulize ameangalia tarehe ya bayosi? Windows mpya itawaka kweli, kwa sababu itazoea lugha iliyopo siku hiyo, na fundi ataonekana ametibu. Picha zimeondoka, betri mbovu imebaki palepale, na umeme ukikatika tena mnaanza upya.

Hatua ya 5: Kama imekushinda

Kabla ya kuipeleka kwa fundi, toa hadidiski uiache nyumbani. Ni skrubu chache na nyaya mbili. Tatizo la kutowaka au kioo cheusi linatafutwa bila hadidiski, na fundi mzuri hatakasirika. Kama anaihitaji kweli, nakili mafaili kwanza kwenye diski ya nje.

Nyumbani nunua UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) ya VA 650, inatosha boksi moja na kioo chake. Naipendelea kuliko stebilaiza, kwa sababu stebilaiza haikupi hata dakika moja ya kuhifadhi kazi umeme unapoondoka.

Mwisho nilibandika kipande cha karatasi ndani ya kava la kompyuta ya shangazi, nikaandika kwa kalamu ya wino: tarehe ya betri mpya, SATA ni AHCI, boot ni Legacy. Fundi yeyote atakayefungua hapo baadaye ataanza na maneno hayo.