Kabla ya kuhamisha seva ya programu: jina linajibiwa na nani?

Usiku wa kuhama, kinachowatoa watu jasho mara nyingi si programu yenyewe. Programu imeshanakiliwa kwenye mashine mpya, hifadhidata inaitika, rekodi ya DNS (mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za IP) imebadilishwa, lakini seva ya wavuti bado inabisha hodi nyumba ya zamani. Hapa nazungumzia mpangilio wa kawaida kabisa: nginx, ambayo ndiyo seva ya wavuti, mbele; Tomcat, inayoendesha programu ya Java, nyuma kwenye poti 8080; kila moja na mashine yake ya Linux, na kati yao jina kama app1.ndani badala ya namba za IP. Mengi ya kuangalia yanafanyika mchana, siku moja au mbili kabla, ukiwa na chai yako.

Anza na kipimo, kwa sababu wengi wetu tunapima vibaya. Ukipiga dig, amri ya kuulizia majina, inakwenda moja kwa moja kwa seva ya DNS. Programu nyingi hazifanyi hivyo. Zinauliza mfumo, na mfumo unasoma mstari wa hosts ndani ya /etc/nsswitch.conf ili kujua uanzie wapi. Kwa kawaida unaanzia /etc/hosts, orodha ya majina iliyo ndani ya mashine yenyewe, ndipo uende DNS. Kwa hiyo piga getent ahosts app1.ndani, inayopita njia hiyo hiyo ya mfumo, tena uipige ukiwa ndani ya mashine ya seva ya wavuti, si kwenye laptopu yako. Majibu ya getent na dig yakitofautiana, umeshapata pa kuchimba. Niliwahi kukesha mpaka saa tisa usiku katika ofisi moja kwa ajili ya mstari mmoja wa /etc/hosts, ulioachwa na mtu aliyekwisha kuhama kazi, na pembeni yake ameandika "ya muda tu". Dig ilinipa anwani mpya kila nilipoiuliza, nami nikaiamini kila mara.

Kama majina yenu ya ndani yanaishia na .local, tahadhari zaidi. Mwisho huo umetengewa mDNS (mashine za mtandao mmoja kuulizana majina bila seva ya DNS), na kwenye mashine nyingi za Linux nsswitch.conf ina kipengele cha mdns4_minimal kinachokatisha utafutaji hapo hapo. Jina halifiki DNS kabisa, huku dig ikilijibu vizuri.

Sasa swali ambalo watu hawalijui mpaka liwaumize: nginx inauliza jina lini? Ukiandika jina ndani ya upstream au proxy_pass (sehemu za usanidi zinazosema maombi yapelekwe wapi) kwa njia ya kawaida, inauliza mara moja tu, inapowashwa au inapopakia upya usanidi. Ni kama mtu aliyenakili namba ya simu asubuhi na kuitumia kutwa nzima. Wewe badilisha DNS upendavyo, yeye ana karatasi yake. Ndiyo maana nginx -s reload lazima iwemo kwenye orodha yako ya usiku huo, baada ya getent kutoa anwani mpya, si kabla. Anayetaka nginx iulize yenyewe mara kwa mara anaweka jina kwenye kigeugeu (variable) ndani ya proxy_pass na kuongeza resolver, yaani seva ya DNS ya kuulizwa. Lakini resolver hiyo inakwenda kwa DNS tu, haisomi /etc/hosts, hivyo jina lililokuwa likifanya kazi kwa sababu ya /etc/hosts litakufa ghafla. Tangu toleo la 1.27.3 la mwaka 2024, neno resolve kwenye mstari wa server ndani ya upstream linapatikana pia katika nginx ya bure. Wanaotumia Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, wanaijua shida hii kwa kosa la 502 (nginx haikupata jibu sahihi kutoka nyuma): kontena limeundwa upya, limepewa IP nyingine, nginx imeshika ya jana. Wao resolver yao ni 127.0.0.11, na inafanya kazi kwenye mtandao waliouunda wenyewe, si ule wa bridge unaokuja na Docker.

Apache, seva nyingine ya wavuti, haina unafuu mkubwa. Miunganisho ikitumika tena, kila mchakato mtoto unauliza mara moja na kukaa na jibu hadi ubadilishwe.

TTL, yaani muda ambao jibu la DNS linaruhusiwa kutunzwa, ishushwe mapema. Ikiwa rekodi ina sekunde 86400, kuishusha hadi 300 dakika kumi kabla ya kuhama hakukusaidii chochote, kwa kuwa walioichukua asubuhi wanayo mpaka kesho. Shusha saa 24 kabla, au zaidi.

Upande wa Tomcat kuna mtego wa Debian na Ubuntu. Mara nyingi mashine hujiandika yenyewe kwenye /etc/hosts kwa anwani 127.0.1.1. Ukiwa umeiambia Tomcat isikilize kwa jina la mashine, itasikiliza huko ndani, na hakuna wa nje atakayeifikia. Pima kwa ss -ltnp, inayoorodhesha poti zinazosikiliza, na utazame anwani iliyo mbele ya 8080. Na kama programu yako ya Java nayo inaita seva nyingine kwa jina, kumbuka JVM, mashine pepe inayoendesha Java, ina kashe yake ya majina, kwa kawaida ya sekunde 30.

Jina la upstream lenyewe usilipuuze. Usipoweka proxy_set_header Host, nginx inapeleka jina hilo kwa programu kama Host, yaani jina la tovuti iliyoombwa. Ukiliita app_server, kistari hicho cha chini hakiruhusiwi kwenye majina ya mashine; Django, mfumo wa kuunda programu za wavuti kwa Python, kwa mfano, itakurudishia 400 (ombi baya), na utahangaika na DNS isiyo na kosa lolote.

Angalia pia /etc/resolv.conf. Humo mfumo unasoma seva tatu za kwanza za DNS tu, na husubiri sekunde 5 kabla ya kujaribu inayofuata. Seva ya kwanza ikiwa imekufa, hakuna kitakachovunjika, ila kila swali jipya litachelewa sekunde 5. Ukiona uchelewaji wa kiasi hicho hicho kila mara, anzia hapo.

Kabla ya kugusa DNS, jaribu mashine mpya kwa curl --resolve app1.ndani:8080:10.20.0.31 http://app1.ndani:8080/, inayolazimisha jina liende kwenye IP uliyoitaja, ukiwa kwenye seva ya wavuti. Hapo fayawoli nayo inajitokeza mapema. Kama una nafasi, washa upya mashine ya nginx siku moja kabla: ikiamka kabla mtandao haujawa tayari, itagoma kwa "host not found in upstream", nawe utajua kuifunga kwa network-online.target ili isubiri mtandao.

Usiku wenyewe, fungua logi ya makosa ya nginx. Ina sehemu ya upstream inayoonyesha anwani halisi iliyojaribiwa. IP ya zamani, rudi kwenye reload. IP mpya yenye 111 (muunganisho umekataliwa), jina limefumbuliwa sawa, kagua Tomcat. Na mashine ya zamani iache ikiwaka na tail -f, inayoonyesha mistari mipya inapoandikwa, kwenye logi yake ya maombi. Kila mstari mpya ni mtu ambaye bado ana anwani ya jana. Mistari ikikoma kwa siku nzima, izime.