Saanane na watoto: tokeni asubuhi, rudini kabla ya upepo

Kinachoharibu safari nyingi za Saanane, kisiwa cha hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria, Mwanza, ni kutoka nyumbani saa tano. Nchi kavu ikishapata joto, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, na alasiri mawimbi hupiga boti ubavuni. Kutoka Capri Point hadi kisiwani ni dakika chache tu, lakini mtoto anayetapika hahesabu dakika. Fikeni saa mbili na nusu. Msimu wa mvua, kama wingu zito la usiku bado limekaa juu ya ziwa, subirini lipite.

Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, si ya pesa mkononi: unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu, kwa hiyo weka salio mapema. Beba kitambulisho cha NIDA, maana kiingilio cha mwananchi si cha mgeni. Walio chini ya miaka 5 hawalipi.

Jaketi okozi lipimwe nchi kavu. Mfunge mtoto mikanda yote, shika jaketi mabegani, livute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, majini atachomoka. Omba dogo zaidi, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Msione haya kuomba, boti itasubiri.

Kisiwani vaeni raba zenye meno; ndala huteleza kwenye miamba. Watoto wakiuliza kama mawe hayo yametoka kwenye volkano, jibu ni hapana: ni matale, uji wa mawe ulioganda chini sana ardhini, kisha udongo wa juu ukaliwa na mvua na upepo kwa mamilioni ya miaka. Palepale mtaona mijusi ikiota jua: dume ana kichwa chekundu na mwili wa buluu, jike ni wa kahawia tu. Ukimkaribia dume hutikisa kichwa juu chini, kisha huyoo, mwambani.

Chakula kiwe kwenye ndoo yenye kifuniko. Mfuko laini wenye ndizi ni mwaliko kwa tumbili. Maji lita 1 na nusu kwa kila mtu. Kufikia saa sita jiwe linachoma.

Kuogelea msifanye Saanane, kuna mamba. Mkitaka ufukwe, nendeni upande wa Ilemela baada ya kurudi, ila hata huko kuna kichocho. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na vijidudu huingia kwenye ngozi kwa dakika chache. Mchanga mtupu wenye mawimbi una afadhali, si salama kabisa. Wadogo wajenge nyumba za mchanga. Aliyeingia majini asuguliwe kwa taulo papo hapo. Baada ya wiki kadhaa akilalamika tumbo, au choo kikiwa na damu, mwambieni daktari kwamba aliingia ziwani. Bila hilo, anaweza kutibiwa amiba tu.