Tengeneza sabufa ya sebuleni mwenyewe: boksi la lita 60 kwa spika ya inchi 12

Wengi wakienda Kariakoo kununua spika ya besi huulizia wati. Uliza kwanza inataka boksi la ukubwa gani. Spika nzuri ikiwekwa kwenye boksi lisiloendana nayo huvuma noti moja tu, na mlipuko wa kwenye filamu unasikika sawa na mlango unaobamizwa.

Hatua ya 1: Spika. Dai karatasi ya vipimo yenye Fs (hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, ambayo spika hupenda kutikisika yenyewe), Qes na Qts (jinsi mtikisiko huo unavyozuiwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa koni). Ni vipimo vya wahandisi Neville Thiele na Richard Small, waliofanya kazi hiyo Australia. Gawanya Fs kwa Qes. Jibu likiwa chini ya 50, jenga boksi lililofungwa kabisa. Likikaribia 100 au kuzidi, jenga lenye bomba. Kisha ingiza vipimo kwenye WinISD, programu ya bure, uone besi itakavyokuwa kabla hujakata ubao. Spika isiyo na karatasi hiyo mimi siinunui, hata iandikwe wati 2000.

Tuchukue mfano wa spika ambayo programu hiyo imeonyesha inafaa boksi la lita 60 lenye bomba linalovuma kwa hezi 30.

Hatua ya 2: Kukata. Tumia MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18. Mafundi wa Keko, Dar es Salaam, wenye mashine watakukatia kwa usahihi kuliko msumeno wa mkono. Vipande viwili vya sentimita 41.6 kwa 41.6 (mbele na nyuma), viwili vya 47 kwa 41.6 (ubavuni), viwili vya 47 kwa 38 (juu na chini). Ndani utapata karibu lita 68. Zile 8 zitaliwa na bomba, sumaku na mbao za kukaza. Nusu shiti inatosha kwa shida, kwa sababu msumeno nao hula milimita chache kila ukipita.

Hatua ya 3: Kuunganisha. Toboa matundu membamba kabla ya skrubu, la sivyo MDF itapasuka ukingoni. Paka gundi ya mbao ya kutosha kila kiungo. Weka ubao wa kukaza katikati, kutoka ubavu hadi ubavu, kwani kuta za boksi zikitikisika zinaongeza sauti ambayo haimo kwenye filamu. Ziba pembe zote kwa silikoni na uiache ikauke kabisa. Ile yenye harufu ya siki mvuke wake unaweza kuidhuru spika.

Hatua ya 4: Bomba. Bomba la PVC la inchi 4 linafaa. Pima kipenyo cha ndani kwa sentimita (D), kisha: urefu = 23562.5 × D² ÷ (hezi² × lita) − 0.732 × D. Kwa D ya 10, hezi 30 na lita 60 unapata sentimita 36. Kata refu kidogo, maana kupunguza ni rahisi, na bomba fupi hupandisha hezi. Kati ya mdomo wake wa ndani na ubao wa nyuma acha angalau sentimita 10.

Hatua ya 5: Unyevu. Hapa pwani usiiruke. MDF hunywa maji na kuvimba, hasa kwenye kingo zilizokatwa. Piga msasa, paka vanishi mara mbili au tatu, halafu funga miguu ili maji ya kudekia vigae yasiguse boksi.

Hatua ya 6: Kuwasha. Hakikisha amplifaya inakubali omu (ukinzani wa umeme) za spika yako. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya kwa sekunde moja: chanya kwa chanya, koni itoke nje. Piga sauti ya hezi 40 taratibu, pitisha moshi wa udi kwenye viungo. Ukiyumba, hapo panavuja.

Kwenye resiva weka mpaka wa hezi 80, ili sauti za chini ya hapo ziende kwenye sabufa. Kama amplifaya ina kichujio cha kukata sauti za chini mno, kiweke hezi 25, kwa sababu chini ya hezi 30 hewa ya boksi haiizuii tena koni, na koni inaweza kujirusha mpaka iharibike.

Mahali pa kuiweka: iweke kwanza kwenye kochi unalokalia, piga muziki wenye besi, kisha tembea ukiwa umeinama karibu na sakafu. Pale besi inaposikika sawasawa bila kuvuma, ndipo pake.