Kusakinisha programu ya tar.gz kwenye Linux: pakua Mtwara, sakinisha Newala

Faili la tar.gz ni kifurushi kilichobanwa chenye mafaili ya programu. Kwanza hakikisha kweli unalihitaji. Kwenye Debian, Ubuntu au Mint andika apt search na jina la programu. Ikiwemo, isakinishe kwa sudo apt install na kazi imekwisha, maana apt, kisakinishi cha mfumo, huleta na vyote ambavyo programu hiyo inavitegemea, na baadaye huihuisha yenyewe pamoja na mfumo. Faili lililobanwa ni la programu isiyokuwemo, au la toleo jipya kuliko lililomo.

Anayepakua Mtwara mjini akasakinishe Newala au Tandahimba ahakiki faili kabla gari halijapanda uwanda wa Makonde. Kwa mazoezi tumia GNU Hello, programu ndogo ya mfano yenye kifurushi cha takriban MB 1:

wget -c https://ftp.gnu.org/gnu/hello/hello-2.12.1.tar.gz
gzip -t hello-2.12.1.tar.gz

Hiyo -c ndiyo inayookoa bando: mtandao ukikatika, rudia amri ileile nayo itaendelea ilipoishia. Amri ya pili ikinyamaza, faili ni zima. Ikisema "unexpected end of file", halijafika lote. Kwa faili la .tar.xz tumia xz -t. Uzima wa faili hauthibitishi kwamba hakuna aliyelichezea, kwa hiyo kama tovuti ya programu imetoa namba ya SHA-256, yaani alama inayokokotolewa kutoka faili lenyewe, ilinganishe na ile inayotolewa na sha256sum.

Libebe likiwa bado limebanwa. Flashi nyingi zina mfumo wa FAT32 au exFAT, ambao hauhifadhi ruhusa za Linux; ukilifungulia humo, ./configure huenda ikakujibu "Permission denied". Kabla ya kuchomoa flashi andika sync na usubiri amri imalizike, kwa sababu data nyingine huwa bado ipo kwenye RAM hata pale dirisha linapoonyesha kunakili kumekwisha.

Utahitaji pia kompaila na make, vyombo vya kujengea programu kutoka msimbo wake, navyo huja na kifurushi cha build-essential. Kama kompyuta ya Newala haina intaneti, pakua mjini:

sudo apt-get install --download-only build-essential

Mafaili ya .deb yatakaa /var/cache/apt/archives. Yanakili yote, na ukifika yasakinishe kwa sudo dpkg -i *.deb ukiwa ndani ya folda yao. Hapa ndipo wengi wanapokwama: apt hupakua tu vile ambavyo kompyuta ya mjini haina. Kama tayari ina build-essential, hutapata kitu. Kompyuta zote mbili ziwe na toleo moja la mfumo na aina moja ya prosesa.

Ukishafika, nakili faili kwenye folda ya nyumbani, kisha:

tar -xf hello-2.12.1.tar.gz
cd hello-2.12.1
less README
./configure --prefix=$HOME/.local
make
make install

Usiruke README. Ukikuta CMakeLists.txt au meson.build badala ya configure, njia ni nyingine na maelezo yake yamo humo. Vifurushi vingine, kama Firefox ya Mozilla, vimeshajengwa: unafungua na kuendesha. Kwa vifurushi hivyo angalia tu uname -m, inayotaja aina ya prosesa. Cha x86_64 hakiendi kwenye prosesa ya aina nyingine.

Tunasisitiza --prefix=$HOME/.local, inayoiweka programu ndani ya folda yako ya nyumbani, kwa sababu haihitaji sudo wala haigusi mafaili ya mfumo. Ukiandika hello ukajibiwa "command not found", toka kwenye akaunti yako na uingie upya ili folda ya ~/.local/bin isomwe.

configure ikigoma, soma mistari yake ya mwisho, kisha config.log. Mara nyingi kinachokosekana ni kifurushi chenye -dev. Mathalani, ikilalamikia zlib.h, kuwa na zlib1g hakutoshi, unahitaji zlib1g-dev. Cha kwanza ni cha kuendeshea programu, cha pili ni cha kujengea. Kwa hiyo orodha ya vinavyohitajika isome kwenye README ungali mjini.

Ikisema "newly created file is older than distributed files", tatizo ni saa. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ubao mama imekufa, aghalabu CR2032, hurudi miaka ya nyuma kila inapozimwa, na mafaili uliyofungua yanaonekana kama yametoka siku zijazo. Rekebisha kwa sudo date -s "2025-06-14 10:30", ukiweka tarehe na saa ya sasa, halafu badilisha betri.

Umeme ukikatika katikati ya make, usiendelee hivihivi. Huenda faili moja limebaki tupu huku make ikilihesabu limekamilika, na kosa likajitokeza mwishoni kabisa wakati wa kuunganisha. Anza na make clean, ndipo make. Kwenye RAM ya GB 2 usiongeze -j, kazi zikienda nyingi kwa pamoja kompyuta itaganda.

Folda uliyojengea usiifute. Siku ukitaka kuiondoa programu, ingia humo na uandike make uninstall. Ukiwa umeshaifuta, fungua tena kifurushi cha toleo lilelile na urudie configure kwa --prefix ileile kwanza.