Mambo ya kuandaa mchana ili uonekane barabarani usiku ukiwa na baiskeli

Usiku mmoja nilikuwa natoka Isaka kurudi Kahama, mkoani Shinyanga, na gari dogo. Lori lilikuwa linakuja mbele yangu, nikashusha taa, na dereva wa lori naye akashusha zake. Tulipopishana, macho yangu yakiwa bado yamejaa ule mwanga, nikaona gunia. Lilikuwa kama linaelea hewani, usawa wa boneti, hatua chache tu mbele. Nikakata usukani kwenda kulia na kulikwepa, kisha nikasimama mbele huku mikono ikinitetemeka.

Alikuwa kijana mwenye baiskeli, kabeba magunia mawili ya mkaa. Nilipomwambia nusura nimgonge kwa sababu sikumwona, alinitazama kwa mshangao. "Mbona mimi nilikuona tangu kule mbali, mzee?"

Hakuwa ananibishia. Aliamini kweli kwamba, kwa kuwa yeye anaiona taa ya gari kutoka kilometa nzima, mwenye gari naye anamwona. Mimi mwenyewe huendesha baiskeli karibu kila siku, na kabla ya usiku ule nilikuwa naamini hivyohivyo. Ninayoandika hapa ni ya kufanya mchana, nyumbani au kwa fundi, kwa sababu giza likishakukuta njiani huna tena cha kuandaa.

Anza na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini bahati haitoshi. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone kitu hadi mguu wake ukanyage breki, na hapo gari limekwishakula mita 33. Ongeza mita kama 35 za kusimama kwenye lami kavu, unakaribia mita 70, yaani theluthi mbili za uwanja wa mpira. Sasa taa zikiwa zimeshushwa, mtu aliyevaa nguo nyeusi huanza kuonekana akiwa mita 30 hivi mbele ya gari, na kioo kikiwa na vumbi ni pungufu ya hapo. Hata kwa kilometa 50 kwa saa, mwendo unaotakiwa kwenye maeneo ya makazi, gari linahitaji kama mita 35 ili lisimame. Dereva mwangalifu anayefuata sheria naye anaweza kukugonga kwa sababu amekuona umbali ambao breki haiwezi tena kusaidia. Reflekta safi, kile kipande kinachorudisha mwanga wa taa, huonekana mita 100 na zaidi, na tofauti ya mita hizo ndiyo nafasi yako.

Jambo la pili ni saa. Kwetu huku karibu na ikweta jua huzama likishuka karibu wima, kwa hiyo mwanga hauagi polepole. Dakika 20 na ushee tu, giza limeingia. Mwezi Juni, Dar es Salaam jua huzama mnamo saa 12:15 jioni, na Kahama zaidi ya nusu saa baadaye, kwa hiyo aliyehama kutoka pwani kuja huku, au kinyume chake, asitumie saa za kule alikotoka. Mwenye safari ya dakika 40 anayeondoka shambani jua likigusa miti atamaliza nusu ya njia gizani, hata kama alipanda baiskeli akiwa anaona vizuri. Na alfajiri tusiisahau. Mwanafunzi anayetoka nyumbani saa 11 na muuza maziwa anayewahi mjini wanakutana na madereva waliokesha barabarani, na macho ya aliyekesha si ya kutegemea. Mbalamwezi nayo inadanganya: inakuonyesha wewe mashimo, lakini dereva aliye nyuma ya mwanga wa taa zake haimsaidii kukuona.

Sasa baiskeli yenyewe. Anza nyuma, kwa sababu nyuma ndiko usikokuona wewe. Baiskeli nyingi za Phoenix na za namna hiyo huja na ncha ya madigadi ya nyuma iliyopakwa rangi nyeupe, na chini yake reflekta nyekundu. Haikuwekwa kwa urembo. Baada ya miaka miwili ya vumbi na matope, ile nyeupe inakuwa rangi ya udongo na reflekta inakuwa kipande cha plastiki tu. Ioshe kwa maji na sabuni, ifute kwa kitambaa laini, usiikwangue kwa mchanga wala steel wool ya sufuria, maana inafanya kazi kwa vijumba vidogo mno ndani yake vinavyoupokea mwanga na kuurudisha kulekule ulikotoka. Ikikwaruzika au ikipasuka na kuingiza maji, haiurudishi tena. Nunua nyingine, si ghali. Wapo wanaofunga CD nyuma ya karia wakidhani ni reflekta. CD ni kama kioo cha kujitazamia: huutupa mwanga upande mwingine, na machoni mwa dereva hufika kwa nadra, kwa kubahatisha.

Hapa kuna kosa ambalo naliona kila wiki, na ndilo lililomkuta yule kijana. Reflekta yake ilikuwepo, nzima kabisa, lakini magunia yalikuwa yamening'inia na kuifunika. Anayebeba mkaa, tenga la kuku, madumu ya maziwa au lumbesa ya viazi lazima ajue kwamba akishafunga mzigo, baiskeli yake haina nyuma tena. Nyuma ni mzigo. Kwa hiyo reflekta ihamie kwenye mzigo. Chukua ile stika ya reflekta ya nyekundu na nyeupe wanayobandika kwenye malori, maduka ya vipuri hukata hata kipande kifupi. Usiibandike kwenye gunia, haitashika. Ibandike kwenye ubao mwembamba au kipande cha plastiki ya dumu, toboa matundu mawili, pitisha kamba, na kila ukifunga mzigo unaufunga na huo ubao. Ukiwa na mbao mbili ni bora zaidi, moja kila upande pale mzigo ulipotanuka kabisa, ili dereva ajue upana wa kuacha anapokupita. Na zifunge chini, si juu ya lumbesa. Taa za gari zikishushwa humulika barabara, na kitu kilicho juu sana hupata mwanga kidogo.

Taa nyekundu ya nyuma ni nyongeza muhimu kwa sababu reflekta inangoja kumulikwa, lakini taa inajitangaza yenyewe, hata kwa gari ambalo taa yake moja imeungua. Mkataba wa kimataifa wa usalama barabarani wa Vienna wa mwaka 1968 unataka baiskeli iwe na reflekta nyekundu nyuma, na iweze kuonyesha taa nyekundu nyuma na nyeupe au ya njano mbele. Rangi zisibadilishwe. Nimeona mtu kafunga tochi nyeupe ikitazama nyuma, kwa nia njema kabisa, lakini dereva akiona mwanga mweupe hudhani kitu kinakuja kumwelekea.

Kwa taa ya mbele, wengi bado tuna dinamo, ile inayosuguana na tairi. Ni chombo kizuri, haiishiwi chaji, ila ina udhaifu mmoja ambao lazima uuzingatie: ukisimama inazimika, na ukipanda mlima polepole inafifia. Maana yake ni kwamba njia panda, pale unaposimama kungoja gari lipite, ndipo unapotoweka kabisa. Mwenye dinamo aongeze taa ndogo ya betri nyuma. Mwenye tochi aifunge kwenye usukani kwa mpira wa tairi la ndani, akiiinamisha kidogo imulike lami, isimchome machoni anayekuja. Tochi ya simu iliyoshikwa mkononi siikubali hata kidogo. Mkono ulioshika simu umeacha breki, na kwenye shimo la kwanza vyote viwili vinaanguka.

Halafu miguu. Hili nilichelewa kulijua na sasa ndilo la kwanza kumwambia mtu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alichapisha utafiti wake juu ya mwendo wa binadamu. Alimwekea mtu alama zinazong'aa kwenye viungo, vifundo vya miguu, magoti, nyonga, mabega, viwiko, akampiga filamu gizani kiasi kwamba zilionekana nukta tupu. Mtu akitulia, watazamaji waliona nukta zisizo na maana. Akianza kutembea, walimtambua papo hapo kuwa ni binadamu.

Barabara ya usiku imejaa nukta zinazong'aa: vibao, nguzo za kilometa, malori yaliyoharibika. Dereva anahitaji kujua zaidi ya kwamba kuna kitu. Anahitaji kujua kwamba ni mtu, na yuko kwenye mwendo. Mguu unaozungusha pedeli humwambia hivyo bila maneno. Hakikisha reflekta za njano za kwenye pedeli hazijang'oka, na kama zimeng'oka, jifunge ukanda wa reflekta kwenye kila kifundo cha mguu, juu ya suruali. Unaweza kuutengeneza kwa kushonea juu ya lastiki kipande cha utepe wa kizibao kilichochakaa, ile fulana yenye michirizi ya reflekta inayovaliwa juu ya nguo. Ukanda huo huo unazuia suruali isiingie kwenye cheni. Vitu hivi vya miguuni vipo chini, vinapigwa na taa zilizoshushwa, na vinapanda na kushuka. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu, kwa maoni yangu, anunue hivyo kabla ya kizibao.

Kizibao nacho kina kazi yake, ila tusichanganye mambo mawili. Ile rangi ya njano au ya chungwa inayowaka hufanya kazi mchana na jioni, kwa sababu inategemea mwanga wa jua. Usiku kinachofanya kazi ni michirizi ya rangi ya fedha peke yake. Kizibao kilichofuliwa mpaka michirizi ikabanduka usiku ni nguo tu kama nguo nyingine. Shati jeupe ni bora kuliko jaketi jeusi, lakini haliifikii reflekta. Na ukivaa koti la mvua, livae chini ya kizibao, maana usiku wa mvua ndio usiku mbaya kuliko yote: lami inameta, vioo vya magari vina maji, na mwanga wa taa umetawanyika kila mahali.

Ukibeba abiria, mwili wake umekifunika kizibao chako chote. Waendesha baiskeli za abiria, ambazo huku kwetu huitwa daladala, wawe na kizibao cha pili cha kumpa anayekaa nyuma. Mtoto kwenye karia avikwe ukanda mgongoni, na kanga ya mama ikunjwe isipeperuke kwenye spoku. Ubavuni, reflekta mbili za kwenye spoku kwa kila gurudumu zinatosha kwa anayetokea njia panda.

Kabla ya kuondoka ijue njia pia. Pita mchana ukitazama pembezoni mwa lami: wapi imemeguka, wapi kuna ngazi ya kushuka kwenye changarawe, wapi daraja ni jembamba. Utahitaji kujua hayo kwa ajili ya dakika ile niliyoieleza mwanzoni, magari mawili yanapokutana hapo ulipo, moja mbele yako na jingine nyuma. Anayetoka nyuma yako amepofushwa na wa mbele, na hapo hata reflekta nzuri inaweza kumezwa na mwanga. Ukiona yanakaribia kukutana kwako, toka nje ya lami, simama, yaache yapishane. Huwezi kutoka salama gizani kwa mwendo kama hujui lami inaishia kwa mteremko au kwa ukingo wa sentimita 15.

Mwisho fanya jaribio. Usiku mmoja funga baiskeli kama unavyoifunga siku ya kazi, pamoja na mzigo. Mwenzako aipande barabara ya mtaani isiyo na magari, aende kutoka kwako hatua 100. Wewe shika tochi kandokando ya jicho lako, si kiunoni, maana reflekta inaurudisha mwanga kwenye chanzo chake na ukiishusha tochi utaona pungufu. Halafu badilishaneni. Mimi nilipofanya hivi na mwanangu, niligundua kuwa reflekta ya nyuma ilikuwa imeinama ikitazama chini kwa sababu boliti ilikuwa imelegea. Nilikuwa nimeendesha nayo hivyo kwa miezi nisiyoijua idadi.

Taa ya nyuma ichajiwe pamoja na simu, mahali pamoja, ili usiisahau. Na kama njiani chaji imekwisha na huna kingine, shuka. Vuka ukiona kote kumetulia, isukume baiskeli upande wa kulia wa barabara, nje ya lami, ukiyatazama magari yanayokuja, hadi ufike penye taa au nyumbani.