Kabla hamjamtuma kijana wenu vijijini kuhubiri

Wapendwa, msimtume mtu vijiji vya milimani kule Makete au Mwakaleli, kusini mwa Tanzania, eti kwa sababu anajua kushika maiki. Mkae nae kwanza, mle nae, aende na nyie kuona wagonjwa, mumuone akiwa na njaa na mumuone akiwa na hela ya sadaka mkononi, hapo ndo mtamjua. Kanisa la Antiokia kwenye Matendo 13 walifunga wakaomba, ndo wakawawekea mikono Barnaba na Sauli. Alafu watumeni wawili wawili kama Yesu kwenye Luka 10, mmoja akivunjika moyo mwenzie anaomba nae. Nauli, sweta na gambuti vitoke kanisani jamani, kule masika ni tope na baridi kweli. Wakifika wakae nyumba moja, wale wanachopewa, wasihamehame. Wakirudi wasikilizeni kwanza, ndo muwapangie safari nyingine.